Toa Mgao wa Mtoto Kabla ya Pilipili: Vyakula 10 vya Jioni, Kuanzia cha Mkiani Hadi Bingwa

Saa kumi na mbili na nusu jioni. Funguo bado ninazo mkononi, na mtoto wa miaka miwili na nusu ameshaning'inia kwenye goti langu na swali lake la kila siku: "Mama, tunakula nini?" Mkubwa, wa miaka 6, haulizi. Anakwenda moja kwa moja kufunua sufuria. Sufuria tupu. Saa mbili kamili mdogo atakuwa amelala, ameshiba au hajashiba, na mtoto aliyelala na njaa atakuamsha saa nane za usiku akudai kama mwenye nyumba anavyodai kodi. Kwa hiyo nina saa moja na nusu, na humo humo kuna kuoga, kuna kazi ya shule, na kuna Baba watoto ambaye bado yuko kwenye foleni ya Ubungo.

Jioni nyingi za namna hiyo zimenifundisha jambo ambalo nalishikilia kwa mikono miwili: mtoto hapikiwi chungu chake. Nyumba yenye vyungu viwili, kimoja cha watoto na kimoja cha wakubwa, imeshakuwa hoteli, na mpishi wake hachelewi kuchoka. Pika kimoja. Kikiiva, kabla pilipili haijaingia na kabla hujakoleza chumvi ya wakubwa, toa mgao wa mtoto uweke pembeni upoe. Halafu ninyi wenye ndimi ngumu fanyeni mtakavyo.

Mwezi uliopita tukaamua kupigia kura vyakula vya siku za kazi. Vyakula 10, kila kimoja kikapikwa mara mbili, Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki 4. Mkubwa yuko darasa la kwanza, ana furushi la vijiti vya kuhesabia. Ndivyo vilivyokuwa kura. Ukimaliza kula na unataka kipikwe tena, tia kijiti kwenye kopo la chakula hicho. Walaji 4, mara 2, kwa hiyo chakula kilichopendwa na kila mtu kinapata vijiti 8. Mdogo yeye kura yake ni sahani, au upande wake wa sinia: kukiwa kweupe, kijiti kinahesabika.

Msimamizi wa uchaguzi nilikuwa mimi, Mpare wa Same. Mpinzani mkuu alikuwa mume wangu, Mchaga wa Machame. Watani zetu husema Wapare ndio wapenda kesi. Mwezi ule rufaa zote zilitoka Machame.

10. Wali kiporo wa kukaanga (vijiti 3)

Kiporo ni chakula kilicholala kikaamka na akili. Wali wa jana umeshakauka, punje zimeachana, na kikaango kinataka hivyo hivyo. Ukikaanga wali wa leo unapata bokoboko. Kitunguu kimoja, karoti 2 za kukwaruza, nusu hoho, kisha wali, kisha mayai 2 unayoyavunjia pembeni ya kikaango na kuyavuruga kabla hayajajua yako wapi. Dakika 12.

Kiporo kina sharti lake, na hapa naweka utani chini. Wali ukiachwa juu ya jiko usiku kucha, kuna bakteria ambao mbegu zao hustahimili kuchemshwa. Wali ukiwa vuguvugu wanazaana, wanaacha sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukipasha moto mpaka uunguze. Wali wa kiporo hutandazwa kwenye sinia upoe upesi, ukaingia kwenye friji ndani ya saa moja au mbili, na kesho yake ukapashwa mara moja tu mpaka ufuke moshi. Nyumba isiyo na friji ipike wali unaoisha.

Umeshika mkia kwa sababu Baba watoto anaamini kiporo ni cha asubuhi, cha kunywea chai. Tulibishana mpaka chakula kikaanza kupoa, kikataka kuwa kiporo mara ya pili.

9. Zege la nyumbani (vijiti 4)

Dar es Salaam chipsi mayai tunaiita zege, na ukiona yai lilivyozishika zile chipsi huhitaji kuuliza jina limetoka wapi. La kibandani lina mafuta ya kutosha kuwasha taa. La nyumbani nalipika hivi: nusu kilo ya viazi mbatata, vipande vidogo, chemsha dakika 10, chuja. Vijiko 2 vya mafuta kwenye kikaango, viazi vishike rangi kidogo, mimina mayai 4 yaliyopigwa na kitunguu. Funika. Geuza kwa msaada wa sahani. Liive mpaka katikati, maana yai la mtoto haliachwi likitetemeka.

Kazi ya kupiga mayai ni ya mkubwa. Anayapiga kama ana ugomvi nayo, meza inalowa, lakini mtoto aliyepiga mayai kwa mkono wake hasusi. Kachumbari inakaa bakuli la pembeni, pilipili ndani yake, na kila mtu anajua mpaka wake uko wapi.

8. Tambi na nyama ya kusaga (vijiti 4)

Pwani tambi zina heshima yake: sukari, tui, iliki. Hizi za Jumanne ni za haraka, robo kilo ya nyama ya kusaga, nyanya 4, kitunguu saumu na karoti 2. Wapo wanaoshauri karoti zifichwe ndani ya mchuzi mtoto asizione. Mimi nazikwaruza mbele yake. Mtoto akigundua umemficha karoti leo, kesho atakagua hata maziwa.

Wa miaka miwili mkatie tambi zake fupi kama kidole chake. Zetu zilipatikana mpaka nyuma ya sikio, na nadhani hizo za sikioni ndizo zilizotupunguzia kura.

7. Viazi lishe na mtindi (vijiti 5)

Viazi vitamu vya rangi ya chungwa. Kama hujavizoea, muulize mama wa genge viazi lishe, atakuelewa. Ile rangi ndiyo dawa: mwili wa mtoto unaigeuza kuwa vitamini A, ya macho na ya kinga. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani walipewa wataalamu wanne, na watatu kati yao, Maria Andrade, Jan Low na Mganda Robert Mwanga, waliipata kwa kazi ya kukifanya kiazi hiki kilimwe na kiliwe Afrika. Kiazi kilichoshinda tuzo ya dunia kinapatikana kwa fungu gengeni, na mnapita tu!

Chemsha na maganda yake, dakika 25. Menya, ponda kwa uma, tia kijiko cha siagi au cha tui, kwa sababu vitamini hiyo inafyonzwa vizuri ikikuta mafuta. Mtindi pembeni. Jioni ambayo hata kisu ni kizito, chakula ni hiki. Mdogo alikibandika jina lake mwenyewe, "kiazi cha jua", na tangu hapo sote tunakiita hivyo.

6. Chapati za maji na adesi (vijiti 5)

Chapati za kusukuma ni za Jumapili, na anayetaka kukanda Jumatano usiku namwombea nguvu. Za maji ni vikombe 2 vya unga wa ngano, yai 1, chumvi kidogo, na maji au maziwa mpaka uji wake umwagike kwenye upawa bila kugoma. Upike upande, ugeuze, utoe. Ya kwanza huharibika kila nyumba Tanzania nzima. Hiyo ni ya mpishi.

Adesi nyekundu hazilowekwi, haziombi presha, haziombi kitu. Dakika 20 zimeshalegea. Kitunguu, nyanya, binzari, toa mgao wa mtoto, halafu ndipo pilipili iingie. Mtoto anachana chapati, anachovya, anachafuka, anakula. Mikono miwili ina kazi, kwa hiyo hakuna mkono uliobaki wa kumfinya kaka.

5. Ugali, dagaa na mchicha (vijiti 6)

Dagaa ni samaki aliyekubali kuliwa na mifupa yake bila ubishi, na kwenye mifupa hiyo ndimo kalsiamu ilimo. Wetu ni wa Kigoma. Wa Mwanza nao wazuri, wadogo zaidi na wa Ziwa Victoria, ila wa Kigoma wana nyama na ladha yao haijifichi. Huvuliwa usiku kwa taa. Wanaifuata nuru, wanakutana na wavu. Ndiyo maana mwezi ukiwa mpevu wanapungua sokoni: ziwa lote lina nuru, taa ya mvuvi haina la kuwaambia. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi miezi 3, katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, samaki wazaane, na mama wa dagaa hapa mtaani alikuwa anapima kwa kikombe kama anapima dhahabu. Sikumlaumu. Ziwa nalo linahitaji kupumzika.

Watoe vichwa, waloweke maji ya moto dakika 5, waoshe mpaka mchanga uishe. Kutoa vichwa ni kazi ya mkubwa, anakaa kwenye kigoda na sinia mapajani, anahesabu kwa sauti, akifika 40 anaanza upya. Kaanga kidogo, kitunguu, nyanya, limao. Limao usiliache: chuma kilichomo kwenye mchicha mwili hukishika vizuri zaidi kikikutana na vitamini C. Na chai isikae kwenye meza hii kabisa, maana ukakasi wa chai hukipunguza kile chuma kinachoingia mwilini. Chai ingoje saa yake.

Mchicha sasa. Nauunga kwa karanga za kusaga, vijiko 2 kwa fungu moja. Karanga nzima mtoto wa chini ya miaka 5 hapewi, zinamkaba. Iliyosagwa ikachanganywa haina neno. Pamoja na karanga zote hizo, mdogo aliusukuma mchicha pembeni ya sahani kama anafagia uwanja. Mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, ana kanuni ambayo imeleta amani nyumbani kwangu: mzazi anaamua chakula gani, saa ngapi na wapi, mtoto anaamua kama atakula na atakula kiasi gani. Kwa hiyo sikumlazimisha, sikumpigia ndege ya kijiko, sikumpikia kingine. Niliendelea kuuweka, kijiko kimoja tu, kila mara. Watafiti wa ulaji wa watoto wamekuta kwamba chakula kigeni huweza kuhitaji kuletwa mara 8, 10, hata 15 kabla mtoto hajakikubali. Sisi ilikuwa ya 11. Kaka yake alikuwa anachovya tonge, mdogo akamtazama mdomoni, akatazama sahani yake, akachovya. Hakuna aliyepiga makofi. Nilibana meno nisishangilie.

Na lile tonge! Mtazame mtoto anavyojifunza tonge. Mwanzoni anakamata ugali kwa ngumi nzima, unatokea katikati ya vidole. Baadaye anauviringisha kwenye kiganja, hauviringiki. Kisha siku moja kidole gumba kinajua chenyewe pa kubonyeza, kinatokea kishimo, na mchuzi unakaa ndani ya kishimo bila kumwagika njiani. Wa kwangu alifika mdomoni na mchuzi wake wote, akatuangalia mmoja mmoja ahakikishe tumeona. Tuliona.

4. Nguru wa nazi (vijiti 6)

Samaki wa mtoto achaguliwe kwa mifupa yake. Vibua ni vitamu na bei yao ni ya watu, lakini jioni ya kazi sina macho ya kuchambua vimiba. Nguru wa vipande ana uti wa mgongo mmoja mnene katikati na vimiba vichache. Unautoa, unapapasa minofu kwa vidole, umemaliza. Ni ghali, kwa hiyo kwetu ni vipande 3 kwa watu 4. Ukipita Soko la Feri pale Kivukoni kuna wa kukupalia na kuna wa kukukaangia kabisa, unafika nyumbani kazi yako ni tui tu.

Tui jepesi kwanza na nyanya na kitunguu, samaki aingie, tui zito mwishoni na moto mdogo. Ukikoroga sana atavunjika, ukiondoka tui litakatika. Simama naye. Dakika 15, mkiwa wawili mnatazamana.

3. Mtori (vijiti 7)

Hapa ndipo kesi ilipoanza.

Mtori ni ndizi mshare zilizopondwa ndani ya supu ya nyama, sufuria moja, kijiko kimoja, meno si lazima. Uchagani ndicho chakula cha mzazi aliyetoka kujifungua, na mimi nimenyweshwa kwa uzazi wote wawili, bakuli asubuhi, bakuli mchana, bakuli usiku, mpaka nikaanza kuota migomba. Mama mkwe wangu alinifundisha mwenyewe, jikoni kwake, chini ya mlima. Paka mafuta mikononi kabla ya kumenya, utomvu usikushike. Zikimenywa ziingie kwenye maji papo hapo zisiwe nyeusi. Nikashika mwiko, nikaanza kuponda kwa nguvu zangu zote. Akanishika mkono. "Mama, ndizi haipondwi kwa hasira. Iponde kama unambembeleza mtoto." Nikamjibu, "Ndiyo, mama." Na kweli, ukiiponda taratibu ingali ya moto inakuwa laini bila madonge.

Siri ya kuupika siku ya kazi ni supu. Nyama ya mifupa, nusu kilo, naichemsha Jumapili mpaka iachie, naigawa na supu yake kwenye makopo, inagandishwa. Jumatano jioni natoa kopo, naweka ndizi 10, kitunguu na karoti. Dakika 25 zimeiva, naponda, mgao wa mdogo unatoka mzito, wa wakubwa naongeza supu na pilipili. Baba watoto akila mtori anaanza kuongea Kimachame na sufuria. Ukimuuliza anasema alikuwa anaishukuru.

Duka la jirani, kama maduka mengi ya Dar es Salaam, tunaliita kwa Mangi. Siku matokeo yanatangazwa, Mangi mwenyewe, Mchaga naye, aliacha mizani akaja mpaka mlangoni kutetea ndizi.

2. Makande (vijiti 7)

Kura sawa na mtori. Saba kwa saba, Upare na Uchaga, chini ya bati moja.

Makande ni mahindi na maharage, na yeyote anayesema ni chakula cha shule hajawahi kula ya mama yangu. Kule Same yalikaa juu ya mafiga tangu jua la asubuhi, kuni zikiongezwa, na harufu ilikuwa ndiyo saa yetu: ikifika barabarani, ujue ni muda wa kurudi nyumbani. Kwa nini basi yako kwenye orodha ya mtu mwenye saa moja na nusu? Kwa sababu ya jiko la presha la umeme. Mahindi yaliyokobolewa vikombe 2 na maharage kikombe 1 vinalowekwa tangu asubuhi. Nikifika namwaga maji, natia maji mapya, nafunga kifuniko, dakika 50, na mimi niko bafuni naogesha watu. Umeme unaoliwa haufiki uniti moja. Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia Mei 2024, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, na kila nikisikia hilo namkumbuka mama yangu akipepea moto huku ameyafumba macho kwa moshi. Namtakia kila mama kifuniko hiki kinachojifunga chenyewe.

Yakiiva, kitunguu na nyanya kwenye sufuria nyingine, mimina makande, tui la nazi moja, yachemke yakutane. Ya mdogo nayabonyeza kwa mgongo wa kijiko, punje baada ya punje, kwa sababu hindi gumu halimfai. Kazi ya dakika moja.

Kuvunja sare tulikubaliana tuangalie sahani ya mdogo tu, siku zote mbili. Mtori aliacha kijiko kimoja siku ya pili. Makande alimaliza mara zote, na ile ya pili akageuza sahani kichwani kama kofia. Baba watoto akasimama. "Mpare amejifanya hakimu kwenye kesi yake mwenyewe!" Nikamwonyesha kofia. Rufaa ikatupwa, gharama alipe yeye: aoshe vyombo wiki nzima. Aliviosha, na vilitakata.

1. Wali maharage (vijiti 8)

Wote. Mara zote mbili. Hata Baba watoto, aliyekuwa amekuja na nia mbaya.

Kila mtu anayajua wali maharage, na kwa sababu tunayajua tumeyadharau, tukayaachia mabweni na misiba. Mimi nayaweka juu kwa moyo wote. Mchele peke yake protini yake ina pengo, harage peke yake nalo lina pengo, na kila mmoja analo lile linalomwishia mwenzake. Wakikutana kwenye sahani moja mtoto anapata iliyokamilika, hata mwezi ambao nyama imetupita. Ndoa nyingine zinahitaji wazee wakae kikao. Hii ilijipanga yenyewe.

Kazi yote inafanyika Jumapili. Jumamosi usiku naloweka kilo 1 ya maharage ya soya njano. Asubuhi yale maji namwaga, tumbo litakushukuru. Maji mapya, moto mkali, na lazima yachemke kweli kweli, bubujiko la dakika 10 kwa uchache kabla hujapunguza moto, kwa sababu maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili ambayo uvuguvugu hauiondoi. Nyanya hazigusi sufuria hii. Ukali wa nyanya huyafanya maharage yagome kulainika, utachemsha mpaka gesi iishe mtungini. Yakiiva, kilo ile kavu imekuwa kama kilo mbili na nusu. Nagawa makopo 4: moja la Jumatatu linakaa friji, mengine yanagandishwa.

Jumatatu jioni, kwa hiyo, mchele unaingia jikoni na nguo za kazi bado ninazo mwilini. Wali ukikauka, upande wa pili kitunguu kimeshalegea, karoti, nyanya 2, kopo la maharage, dakika 10, tui zito. Nusu ya maharage nayaponda kwa mwiko pembeni ya sufuria ili mchuzi uwe mzito usikimbie kwenye wali. Hapo nasimama. Natoa mgao wa watoto. Ndipo natia pilipili mbuzi moja, nzima, ielee tu, itoe harufu bila kupasuka. Chungwa limekatwa vipande 4 linasubiri.

Tunakula kwenye sinia moja, mkekani, kama nyumbani kwa bibi, upande wa watoto na upande wa wakubwa, na katikati mpaka wa wali ambao mkubwa anauchora kwa kijiko. Mdogo hula maharage kwanza, moja moja, kwa vidole viwili, kila harage analiangalia kabla ya kulimeza. Halafu ndipo anaugeukia wali.

Jioni ya kura ya mwisho, makopo yamepangwa ukutani yakingoja vijiti vya mwisho, mkubwa aliacha kula akawa anautazama upande wetu. Pilipili ilikuwa imelala pembezoni mwa mchuzi, nyekundu, imevimba. Akauvuka mpaka wake mwenyewe. Akachovya ncha ya kidole kwenye mchuzi wa wakubwa, akakilamba, akanyamaza. Macho yakajaa maji. Baba yake akamsogezea kikombe, akanywa chote, akafuta mdomo kwa mkono wa shati, akamtazama mdogo wake aliyekuwa ameacha kutafuna kabisa.

"Inawasha kidogo tu," akamwambia, na kidole kikarudi kule kule.